Kamera nafuu ya picha za kuchapisha nyumbani: anza na karatasi

Mjomba alipofariki, tulitafuta picha ya kuweka kwenye fremu siku ya mazishi. Simu kama nane zilipekuliwa pale mezani, na bora tuliyoipata ilikuwa imekatwa kutoka picha ya harusi ya watu wengine, ikazungushwa WhatsApp hadi ikachoka. Fundi wa mjini aliikuza mpaka A4, na uso wa mjomba ukatoka kama umekandwa kwa unga. Tangu wakati huo picha za familia nazichapisha mwenyewe, nyumbani Umoja, Nairobi. Majirani wa ploti wameshajua, basi haupiti mwezi bila mtu kunigongea mlango na swali lile lile: ninunue kamera gani ya bei ya chini?

Huwa nawaudhi kidogo, maana nami nawauliza: unataka kuchapisha karatasi ya ukubwa gani? Mtu aliyekuja kuuliza kamera hataki kuulizwa karatasi. Lakini ukianzia huko na kurudi nyuma, unaokoa pesa nyingi.

Hatua ya 1: Chukua rula

Ukubwa unaopendwa zaidi kwa albamu ni ule ambao studio huuita nne kwa sita, yaani inchi 4 kwa 6, au sentimita 10 kwa 15. Juu yake kuna tano kwa saba, nane kwa kumi, na A4 ya kawaida. Pima albamu uliyo nayo, pima fremu zilizo ukutani, kisha uandike.

Sasa hesabu. Picha inayoshikwa mkononi huonekana kali ikiwa na pikseli 300, yaani zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha, kwa kila inchi. Inchi 4 ni pikseli 1,200, inchi 6 ni pikseli 1,800. Zidisha: milioni 2.16. Hizo ni megapikseli mbili na ushee. Tano kwa saba inataka kama 3.2, nane kwa kumi inataka 7.2, na A4 nzima inataka 8.7. Picha ya ukutani hutazamwa kwa mbali, hata pikseli 200 kwa inchi zinaitosha, na hapo ile nane kwa kumi inashuka hadi 3.2.

Soma tena hizo namba. Kamera ya mwaka 2011 yenye megapikseli 12 inatoa A4 safi na chenji inabaki. Muuzaji atakwambia 24 ni bora mara mbili ya 12. Pikseli zikiwa maradufu, kila upande wa picha unarefuka kwa kama asilimia 41 tu. Faida yake ipo, hasa ukipenda kukata kipande cha picha na kukikuza, lakini usiilipie kana kwamba umepewa kamera mbili.

A3 inataka zaidi ya megapikseli 17. Hiyo ipeleke mjini wakuchapie. Printa yake si ya kuweka sebuleni.

Hatua ya 2: Jaribu simu yako

Kabla hujatoa hata shilingi, piga picha tatu kwa simu: moja nje mchana, moja ndani karibu na dirisha, moja usiku chini ya balbu ya sebule. Zipeleke studio kwa kebo au flash disk, usizipitishe WhatsApp inayozibana, uchapishiwe nne kwa sita zote tatu. Ukiridhika na zote, hela ya kamera nunulia printa. Nimewahi kumrudisha jirani nyumbani kwa njia hii, na hadi leo ananishukuru. Wengi hukwama kwenye ile ya usiku, au kwenye ile ya mtoto aliye jukwaani mita 20 mbele, ambapo simu inavuta na uso unageuka matope.

Hatua ya 3: Tazama kihisi kabla ya megapikseli

Kihisi ni kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachonasa mwanga. Hapa ndipo kamera zinapoachana kabisa, na sanduku huwa halisemi kitu. Kamera nyingi ndogo za mfukoni zina kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kamera kubwa za kubadilisha lenzi, zile ambazo kila duka huziita DSLR, zile za bei ya chini zina kihisi cha kama milimita 22 kwa 15. Kwa eneo, hiyo ni karibu mara 12. Ni kama kukinga mvua: mwenye karai na mwenye kikombe wote wamesimama chini ya wingu moja, ila mmoja atakuwa na maji ya kutosha kufua. Sebule ya jioni ni mvua ya rasharasha. Kikombe kitapata matone, kamera itakisia rangi zilizobaki, na kwenye karatasi utaona chembechembe mashavuni.

Mimi niliangukia pua hapo. Kamera yangu ya kwanza niliiagiza mtandaoni, haina jina la maana, sanduku limeandikwa "48MP" kwa herufi za dhahabu. Ilikuwa nyepesi kama toi. Kwenye kioo chake kidogo kila kitu kiling'aa. Nilipochapisha A4 ya dada yangu, nywele zake zilizosukwa vizuri zilitoka kama kofia moja nyeusi, hakuna msuko hata mmoja unaoonekana. Kamera za aina hiyo hubeba kihisi kidogo chenye pikseli chache, halafu programu inazijaza nyingine za kubuni ili namba ikue. Faili inakuwa kubwa, habari ndani yake ni ile ile. Ukiona kamera isiyo na jina ina megapikseli nyingi kuliko kamera ya kampuni inayojulikana, na bei ni ya viatu, hama.

Pia ile zumu inayoitwa ya dijitali usiihesabu. Inakata picha na kuitanua, kazi ambayo hata kompyuta yako itafanya nyumbani. Hesabu zumu ya lenzi yenyewe.

Hatua ya 4: Chagua kati ya njia mbili

Njia ya kwanza ni kamera ndogo ya kampuni kubwa, kama PowerShot au IXUS za Canon, Coolpix za Nikon, Cyber-shot za Sony. Inaingia kwenye pochi, mama mkwe anaweza kuitumia, na mchana inachapisha nne kwa sita bila taabu. Lakini tahadhari na za zamani sana: baadhi ya Olympus na Fujifilm zilitumia kadi za xD, na baadhi ya Sony zilitumia Memory Stick. Utazunguka mji mzima ukitafuta hizo kadi. Chukua inayotumia SD.

Njia ya pili, na ndiyo ninayoipigia debe, ni DSLR ya mtumba. Kwa Canon tafuta 1200D ya mwaka 2014 au 1300D ya 2016, zote megapikseli 18. 1300D imeongezewa Wi-Fi. Hata 1100D yenye 12 inafaa ukiipata kwa bei ya kutupwa. Kwa Nikon kuna D3100 yenye 14, na D3200 na D3300 zenye 24. Usishtuke ukikuta kamera imeandikwa Rebel T5 au Kiss X70: ni 1200D ile ile, moja iliuzwa Marekani na nyingine Japani. Ya Japani fungua menyu kwanza. Kuna kamera zilizotengenezewa soko la kule ambazo hazina lugha nyingine, na utakuwa unabonyeza kwa kubahatisha.

Lenzi inayokuja nayo kwa kawaida ni ya zumu, ya milimita 18-55. Inatosha kuanzia. Siku ukipata hela nyingine, usiuze kamera ununue mpya. Nunua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Hiyo f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ikifunguliwa yote inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ile 18-55 ukiivuta hadi 50. Kwa nyuso za watu ndani ya nyumba, hakuna shilingi itakayofanya kazi kubwa zaidi ya hiyo. Mwenye Nikon za jamii ya D3000, kama hizo nilizotaja, achunguze kwamba lenzi ina mota yake ya kulenga ndani, kwa sababu mwili wa kamera hizo hauna, na lenzi ya zamani itabidi aizungushe kwa mkono.

Yangu ni 1200D. Niliinunua na lenzi yake kwa shilingi 22,000, baada ya kubishana mpaka muuzaji akaniagizia chai.

Hatua ya 5: Tenga hela ya printa kwanza

Watu wengi humaliza pesa zote kwa kamera, halafu wanachapia picha kwenye printa ya ofisi kwa karatasi ya fotokopi. Gawanya bajeti mapema. Mimi nasema nusu iende kwa printa, wino na karatasi, hata kama kamera itakuwa ya miaka mingi zaidi.

Ukitaka nne kwa sita peke yake, ipo Canon SELPHY, mashine ndogo isiyotumia wino wa maji. Karatasi inatoka na kurudi ndani mara nne mbele ya macho yako: manjano, kisha wekundu, kisha samawati, mwisho ngozi ya kuikinga. Watoto huikodolea macho kama televisheni. Karatasi na utepe wa rangi huuzwa pamoja, kwa mfano pakiti ya picha 108, kwa hivyo gawanya bei ya pakiti kwa 108 na unajua kila picha inakula shilingi ngapi. Haizibi hata ukiiacha kabatini miezi mitatu. Lakini A4 haijui.

Ukitaka A4 pia, tafuta printa za tangi, zile unazozimiminia wino wa chupa. Epson L3250 ina rangi nne. Picha zake ni nzuri na bado inachapisha kazi za shule. L805 na L8050 ni za picha hasa, zina rangi sita, yaani zimeongezewa samawati hafifu na wekundu hafifu. Tofauti utaiona kwenye ngozi ya uso, pale mwanga unapoishia na kivuli kuanza: rangi nne huacha vidoa vidogo, rangi sita hutelezesha. Ubaya wa printa za wino ni kwamba hazipendi kukaa kimya. Nyumba isiyochapisha mara kwa mara itarudi na kukuta wino umekauka mdomoni.

Usichanganywe na namba ya 5760 iliyo kwenye sanduku la printa. Hayo ni matone ya wino, na pikseli moja ya picha yako inahitaji matone mengi. Pikseli 300 kwa inchi zinabaki kuwa 300.

Karatasi sasa. Nunua ya gramu 200 kwenda juu. Ya kung'aa inapendeza kwenye albamu, isiyong'aa inafaa fremu ya ukutani kwa sababu haiakisi mwanga wa dirisha. Kisha, ukichapisha, iambie printa ni karatasi gani umeweka. Watu huruka hapo, printa inadhani ni karatasi ya kawaida, inamwaga wino vibaya, halafu kamera ndiyo inalaumiwa.

Hatua ya 6: Kagua dukani, taratibu

Mjini zunguka maduka ya kamera ya Moi Avenue na Kimathi Street, uulize bei bila haraka. Ukinunua kwa mtu wa mtandaoni, mkutane ndani ya jengo lenye walinzi na soketi ya umeme, usitume M-Pesa kabla hujashika kamera. Na mkanda uvae shingoni. Mtaa wa Tom Mboya si pahali pa kujaribu zumu.

Beba kadi yako ya SD iliyo tupu, na tochi ya simu. Muuzaji ataanza:

"Dadangu, hii ni kitu safi. Imetumika na mzungu mmoja tu, Jumapili kanisani."

"Sawa kaka, nipe nijaribu na kadi yangu."

Ukikataliwa kuweka kadi, toka. Ukikubaliwa, fanya hivi. Toa lenzi, uimulike kwa tochi kutoka upande mmoja ukitazama kutoka mwingine. Vumbi kidogo si neno. Nyuzinyuzi kama za buibui ni ukungu, na hushika hasa kamera zilizokaa penye unyevu. Iliyoishi Pwani bila kutunzwa itazame mara mbili. Ukungu ukishaingia hautoki kwa kitambaa. Rudisha lenzi, weka f/22 ili tundu liwe dogo, piga picha ya ukuta mweupe au anga. Madoa ya kijivu yasiyohama ni vumbi kwenye kihisi, linasafishika, na ni sababu ya kushusha bei. Kisha funika lenzi na mfuniko wake, weka ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, iwe 1600, piga. Picha inapaswa kuwa nyeusi. Nukta moja mbili nyekundu au nyeupe, sawa. Zikiwa kama nyota za Turkana, asante, kwaheri.

Sasa geuza kamera umpige picha muuzaji mwenyewe akiwa amesimama mlangoni. Kuza kwenye kioo hadi uone nyusi. Jaribu zumu yote, washa flashi, bonyeza kila kitufe. Uliza imeshapiga picha ngapi: kamera za daraja hili hukadiriwa picha kama 100,000 kabla pazia la ndani halijaanza kusumbua. Nikon huandika idadi hiyo ndani ya kila picha, na kuna tovuti za bure zinazoisoma.

Betri ichomolewe uione. Iliyovimba haifai. Betri ya LP-E10 inatumika kuanzia 1100D hadi 2000D, kwa hivyo kuipata si shida. Vivyo hivyo EN-EL14 kwa Nikon nilizotaja. Chaja isome maandishi madogo: ikisema 100-240V itavumilia umeme wetu, utahitaji adapta ya plagi tu. Risiti iwe na nambari ya kamera iliyochongwa chini yake, wewe ulinganishe kwa macho yako. Kamera ya wizi ina bei tamu sana.

Hatua ya 7: Chapisha kabla ya kulipa

Kioo cha kamera ni kidogo na kina mwanga wake, kila kitu huonekana kizuri pale. Chomoa kadi, mwambie muuzaji unarudi, tembea hadi studio iliyo karibu ukachapishiwe picha mbili: ile ya mlangoni kwa nne kwa sita, na nyingine ya A4. Muuzaji wangu alicheka, akasema tangu aanze kuuza kamera hajaona mtu wa namna hiyo. Niliporudi na A4 yake mkononi, shati la drafti linahesabika miraba, aliacha kucheka, akaniomba ile picha.

Nilimpa, baada ya kupunguziwa elfu moja.

Hatua ya 8: Picha za kwanza nyumbani

Weka kamera kwenye ubora wa juu kabisa wa JPEG, lile faili la kawaida la picha. Ukiwa na kamera ndogo, fahamu kwamba nyingi hupiga kwa umbo la 4 kwa 3, ilhali karatasi ya nne kwa sita ni 3 kwa 2. Ukijaza karatasi yote, jumla ya nusu inchi inakatwa juu na chini, na hapo ndipo vilemba na vipara vya wazee hupotelea. Acha nafasi juu ya vichwa, au badilisha umbo kwenye menyu. DSLR za Canon na Nikon ni 3 kwa 2 tayari.

Jambo la pili lilinichukua muda kulielewa. Kamera haijui inatazama nini. Inajaribu tu kufanya wastani wa picha uwe kijivu cha katikati. Msimamishe shangazi mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, nayo kamera itaona weupe mwingi, iufifize, na uso wa shangazi uzame gizani. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza hadi +0.7 au +1. Ukuta ukizidi kuwa mweupe, potelea mbali, hakuna aliyekuja kutazama ukuta. Afadhali zaidi mhamishe, akae kando ya dirisha, ageuze bega kuelekea mwanga, zima balbu ya ndani ili rangi zisigombane, na flashi iache ilale.

Kwenye karatasi picha hutoka na giza kidogo kuliko ilivyokuwa kwenye kompyuta, kwa kuwa kioo kinatoa mwanga na karatasi inategemea ule wa chumbani. Punguza mwanga wa kioo hadi karatasi nyeupe iliyo kando yake ilingane nacho, ndipo urekebishe picha. Mara ya kwanza chapisha picha nne ndogo kwenye karatasi moja, kila moja imeongezwa mwanga kidogo kuliko iliyotangulia, uandike namba chini. Itazame mchana karibu na mlango, uchague. Karatasi hiyo moja ibandike juu ya printa. Mimi yangu ina namba 3 imezungushiwa kalamu, na hadi leo ndiyo ninayoifuata.

Acha picha ikauke usiku mzima kabla ya kuitia kwenye fremu, isigusane na kioo ikanata. Nyuma andika jina na mwaka kwa penseli laini, kalamu ya kubonyeza hutokeza upande wa uso. Na kila Jumamosi, hata kama huna picha mpya, chapisha moja ndogo yenye rangi zote ili wino utembee. Zangu huwapa watoto wa ploti, na sasa Jumamosi asubuhi huwa wamepanga foleni mlangoni kabla sijawasha printa.